Umenunua apatimenti kwenye ghorofa la zamani? Usiishie kuuliza kama limekaguliwa, omba ripoti uisome

Kijana_wa_Ngamiani

Wakuu habari za muda huu, wa Dar, Mombasa, Unguja na popote mlipo. Kazi yangu huku Florida kusini ni kukarabati zege kwenye maghorofa ya makazi, haya wanayoita kondo, yaani kila mtu ana hati ya apatimenti yake halafu nguzo, slabu (sakafu ya zege), paa, ngazi, lifti na maegesho ni mali ya wote. Humu naona watu wanaulizia kununua apatimenti kwenye majengo yenye umri na swali linakuwa lilelile, "je limekaguliwa?", wakijibiwa ndiyo wanatoa hela. Nataka niseme kwa nini swali hilo halitoshi na mfano wangu ni Champlain Towers South, maana kila kitu cha pale kiko wazi kwenye kumbukumbu za umma.

Jengo lilikuwa Surfside, kamji kadogo ka ufukweni juu kidogo ya Miami Beach, ghorofa 12, apatimenti 136, limejengwa 1981. Tarehe 24 Juni 2021, saa saba na dakika ishirini na kitu usiku, watu wamelala, karibu nusu ya jengo ikashuka chini. Walikufa watu 98. Hiyo sehemu dunia nzima iliiona kwenye TV. Ambayo wengi hawaijui ni kwamba jengo lile lilikuwa limeshakaguliwa. Oktoba 2018 injinia aliyelipwa na umoja wa wamiliki wenyewe aliandika kwamba ile slabu ya eneo la bwawa la kuogelea, inayofunika maegesho ya chini, ilijengwa tambarare bila mteremko kwa hiyo maji yanatuama, tabaka la kuzuia maji limeshakufa na zege chini yake limeharibika vibaya, na wasipolirekebisha uharibifu utapanda kwa kasi. Akakadiria zaidi ya dola milioni 9.

Mwezi uliofuata ofisa wa majengo wa mji akaja kwenye mkutano wa wamiliki, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha aliwaambia jengo liko katika hali nzuri sana. Sasa wewe ni mstaafu, pensheni yako unaijua mwenyewe, injinia anataka mamilioni na mtu wa serikali anasema mko vizuri, utamsikiliza nani? Wakavutana. 2019 wajumbe wengi wa bodi wakajiuzulu. Aprili 2021 wamiliki wakapata barua kwamba hali imezidi kuharibika na bili sasa ni dola milioni 15, kila apatimenti ichangie kuanzia elfu 80 hivi hadi zaidi ya laki tatu kwa wenye kubwa. Michango ilitakiwa ianze Julai 1. Likaanguka wiki moja kabla.

Ukaguzi ulifanyika, ripoti ikaandikwa, ikapita miaka miwili na miezi minane na ukarabati wa ile slabu ulikuwa haujaanza. Ndio maana nasema ukaguzi peke yake haushikilii jengo. Kinachoshikilia ni kile wenye jengo wanachofanya baada ya kuisoma, na pesa wanayo au hawana.

Kongo_na_Mchikichi

Mkuu nakuheshimu ila hayo ni matatizo ya matajiri wa Miami. Huku kwetu maghorofa yanaanguka hata lipu haijakauka. Lile la mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 lilikuwa bado linajengwa, watu 36 walikufa. Hili la Kariakoo Novemba 2024 watu walikuwa madukani wanauza. Shida yetu ni ujenzi mbovu na watu kuchokonoa majengo yaliyokwisha kujengwa, uzee wa jengo ni hadithi ya mbali. Kagueni wakati wa kujenga kwanza.

Kijana_wa_Ngamiani

Kaka hapo kwenye ujenzi mbovu niko na wewe kabisa, wala hatupingani. Ukisoma walichokuta wachunguzi wa NIST, ile taasisi ya serikali ya Marekani iliyopewa kazi ya kuchunguza Surfside, utaona slabu ya bwawa ilikuwa dhaifu tangu mchoro, pale inapokalia nguzo haikufikia hata kiwango cha kanuni za miaka ile walipojenga. Halafu kwa miaka wakaendelea kuitwisha, vitanda vya maua vyenye udongo na miti, mchanga na vigae juu ya sakafu ya zamani. Slabu ya aina ile imekalia nguzo moja kwa moja bila boriti, sasa ikizidiwa haipindi taratibu ukaiona, nguzo inaitoboa kama mguu wa stuli unavyotoboa ubao mwembamba, na nguzo moja ikishatoboa mzigo wake unahamia kwa jirani, naye anatoboa. Eneo la bwawa lilianguka kwanza, dakika kadhaa zikapita, ndipo ghorofa likafuata.

Kwa hiyo kosa la 1981 lilikaa miaka 40 limejificha, chumvi na maji vikawa vinakula taratibu ile ziada ndogo iliyobaki. Jengo lililojengwa vibaya ndilo linalohitaji kukaguliwa zaidi likizeeka, huwezi kutenganisha hayo mawili. Na hayo majengo yetu unayosema yamejengwa vibaya, yale ambayo hayakuanguka yako wapi? Yamesimama, watu wanaishi ndani, na kila mwaka yanazeeka.

Mama_Z_Upanga

Asalam aleikum. Mwanangu nimesoma yote nimeingiwa na hofu. Tuna apatimenti Upanga, jengo ni la zamani, ufukweni si mbali. Kule chini tunakopaki magari dari imepata michirizi ya rangi ya kahawia na sehemu moja zege limebanduka kipande kama sahani, nondo zinaonekana. Mwenyekiti wetu amesema ataita fundi apige lipu na rangi wapangaji wasikimbie. Je, hiyo inatosha?

Kijana_wa_Ngamiani

Waaleikum salaam mama, shikamoo. Haitoshi, na mwambieni asubiri kwanza, maana lipu na rangi vinafunika kidonda daktari hajakiona.

Nikueleze kinachotokea humo ndani. Zege likiwa zima lina asili ya kulinda nondo zisishike kutu. Ukikaa karibu na bahari chumvi inaingia kidogo kidogo na maji na hewa, na pale waliposuka nondo bila biskuti za kutosha (vile vipande vya kuitenga nondo na uso wa zege) nondo ikakaa karibu na nje, chumvi haina safari ndefu. Ikifika kwenye nondo ulinzi unakufa, kutu inaanza, na kutu inataka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kile chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Michirizi ya kahawia ni maji yanayotoka na kutu. Kipande kikishadondoka ujue kazi imeanza siku nyingi. Na mle pembeni ambapo bado hapajadondoka ndipo mimi naanzia, nachukua nyundo ndogo nagonga dari hatua kwa hatua, zege zima linalia kavu, limekaza, ukifika palipoachana ndani unasikia mlio mzito wa uwazi, unazungushia chaki. Mara nyingi unaitwa kwa kipande kama hiyo sahani yako, ukimaliza kugonga alama ya chaki imeshakuwa kubwa kama meza ya kulia chakula. Ukichimbua unakuta nondo ya milimita 16 imebaki nyembamba katikati, nyingine ukiivuta kwa mkono inakatika.

Mama magari yasipakiwe chini ya pale, na nyumba hiyo ipate injinia wa miundo aliyesajiliwa, siyo fundi wa lipu. Fundi atakuja baadaye, baada ya injinia kusema nini kifanyike.

Injinia_Kigamboni

Naongezea kwa upande wa Tanzania. Injinia huyo awe amesajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, jina lake liombeni mlihakikishe bodini, na awe wa majengo kweli, maana wahandisi ni wa fani nyingi. Pili msikubali ukaguzi wa kuzunguka na simu kupiga picha halafu karatasi mbili. Kutazama kwa macho ni hatua ya kwanza tu. Akiona dalili kama za Mama Z inabidi apime, kuna kifaa kinachosoma nondo ziko kina gani, kuna kupima kama kutu inaendelea, kuna kukata vipande vya zege kwa mashine vikapelekwe maabara kuvunjwa kuona nguvu na kupimwa chumvi. Vipande vikatwe pale injinia atakapochagua, maana mwenyekiti akichagua atachagua nguzo nzuri. Tatu michoro. Majengo mengi ya zamani mjini michoro ya miundo haipo, au ipo na jengo limeongezwa ghorofa ambalo halimo kwenye mchoro, na hilo pekee linamfanya injinia aanze upya kutafuta nondo zimepita wapi.

Na watu wanasahau mzigo. Matenki ya maji mapya juu ya paa, kila mtu na lake, vigae juu ya vigae, mtu katoa ukuta kupanua sebule, mwingine kajenga jiko la zege kwenye baraza. Injinia wa 1975 hakuyajua hayo.

Msee_wa_Buru

Nairobi hapa. Mtaa wa Huruma, Aprili 2016, mvua inanyesha usiku, ploti ya ghorofa sita ikaanguka kando ya mto, karibu watu hamsini wakafa. Hiyo nyumba haikuwa mzee hata kidogo, lakini ilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa! Walishasema haifai. Watu wakaendelea kuishi na landlodi akaendelea kuchukua rent. Sasa huyu jamaa akisema shida ni baada ya ripoti naelewa kabisa, hapa tunachora X nyekundu kwa ukuta halafu tunaenda nyumbani. Mtu analipa elfu mbili tatu kwa mwezi, ukimwambia hama, anahamia wapi?

Mngazija13

Mimi niko Marseille. Ninyi mnazungumza ya baharini Marekani, hapa tulikuwa na rue d'Aubagne, tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi saa tatu hivi, nyumba mbili za zamani katikati ya mji zikaanguka, watu 8 wakafa, mmoja wao mama wa kwetu Komoro aliyekuwa na watoto wanamsubiri. Nyumba namba 65 ilikuwa ya wamiliki wengi kama hizo zenu. Na mtaalamu aliyetumwa aliingia mle tarehe 18 Oktoba, watu wakatolewa, jioni wakarudishwa isipokuwa sehemu moja. Wapangaji walikuwa wakisema milango haifungi, nyufa zinakua. Baada ya hapo manispaa ikaogopa, ikahamisha maelfu ya watu kutoka nyumba nyingine mjini, wengine wakakaa hotelini miezi na miezi. Mlango ukianza kugoma kufunga ghafla usiite seremala tu, nawaomba.

Kijana_wa_Ngamiani

Hiyo ya milango niiongezee nguvu, ni ishara ya kweli, fremu inapinda kwa sababu jengo linasogea. Pole sana ndugu yangu wa Marseille.

Msee wa Buru umegusa penyewe. Hata hapa baada ya Surfside walipofungua makabati wakakuta mambo. Crestview Towers, North Miami Beach, jengo la 1972, apatimenti 156, injinia aliandika Januari 2021 kwamba si salama kwa muundo na umeme. Ile ripoti mji uliipata Julai, baada ya Surfside kuanguka na kila mtu kuanza kuulizwa makaratasi. Jioni hiyohiyo mamia ya watu wakatolewa na mabegi. Nusu mwaka walikuwa wanalala juu ya karatasi iliyosema wasilale.

Nyali_Bahari

Swali kutoka Mombasa. Kwani Florida haikuwa na sheria ya ukaguzi? Na sasa wamebadilisha nini? Sisi Kenya tuna Sectional Properties Act ya 2020, wamiliki wanakuwa shirika na wanachanga, ila kwenye jengo letu mchango wenyewe unaisha kwa askari, taka na pampu ya maji.

Kijana_wa_Ngamiani

Ilikuwepo kwa kaunti ya Miami-Dade, na nayo ilizaliwa na maiti. Agosti 1974 jengo la katikati ya Miami walilokuwa wanatumia watu wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, lilianguka, wafanyakazi 7 wakafa, magari yalikuwa yanapakiwa juu ya paa na chumvi ilishakula vyuma. Baada ya hapo kaunti ikaweka kila jengo likifika miaka 40 likaguliwe upya. Champlain ilikuwa inaingia miaka 40 mwaka uleule lilipoanguka. Kwa hiyo utaona sheria ilimwambia mwenye jengo la ufukweni akae miaka 40 kabla ya kulazimishwa kuangalia, na kwenye sehemu kubwa ya jimbo hata hiyo 40 haikuwepo.

Mei 2022 jimbo likapitisha sheria mpya. Kondo zote za ghorofa tatu kwenda juu zikaguliwe zikifika miaka 30, na karibu na bahari inaweza kushushwa hadi 25, kisha kila baada ya miaka 10. Hatua ya kwanza macho, injinia akiona uharibifu mkubwa inakuja hatua ya pili ya kupima na kuchimba. Ila mimi vipengele ninavyovipenda ni vitatu ambavyo watu hawavizungumzi sana. Muhtasari wa ripoti unapelekwa kwa kila mmiliki, haubaki kwenye droo ya katibu. Baada ya ripoti ya hatua ya pili ukarabati lazima uanze ndani ya siku 365. Na akiba. Zamani wamiliki walikuwa wanapiga kura tu, wengi wakisema tusiweke akiba mwaka huu basi haiwekwi, mwaka unaofuata hivyohivyo, miaka ishirini inapita sevisi chaji iko chini na kila mtu anafurahi. Sasa kwa vitu vya muundo, paa, kuzuia maji, kura hiyo ilifutwa kwa bajeti za kuanzia mwisho wa 2024, ingawa 2025 sheria ililegezwa kidogo, na lazima mtaalamu akokotoe kila kitu kimebakiza miaka mingapi na kitagharimu ngapi.

Na nisiwafiche, imeumiza watu. Kuna wazee walinunua zamani kwa bei ya chini, leo wanaletewa bili kubwa kuliko walichonunulia, wengine wanauza kwa hasara. Jengo moja tulilofanya kazi kulikuwa na bibi mmoja alikuwa akitoka kila asubuhi kutuuliza kwa upole tumebakiza kiasi gani, balkoni yake ilikuwa imebaki nondo tupu, na alikuwa analipa mchango wake kwa mafungu kutoka kwenye pensheni. Mimi namwonea huruma kweli. Lakini deni lile halikuanza siku bili ilipokuja, lilianza miaka yote ile ya sevisi chaji ndogo, na waliofaidi wengi walishauza wakaondoka. Mtu wa mwisho ndiye anabeba.

Na hesabu ya Surfside iangalieni. Walikuwa wanabishania dola milioni 15. Kesi ilipomalizwa 2022 fidia zilipita bilioni moja, na kiwanja kikauzwa milioni 120 kwa kampuni ya DAMAC ya Dubai.

Kongo_na_Mchikichi

Sawa mkuu hapo nimekuelewa. Ila Dar nani atawalazimisha? Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008, umoja wa wamiliki upo kisheria. Lakini jengo letu watu nusu hawalipi hata ya ulinzi, na wenye fremu za maduka za chini hawaji vikaoni kabisa.

Injinia_Kigamboni

Ni kweli na ndio ugumu. Uzoefu wangu, wanaolipa ni pale wanapoonyeshwa picha ya nondo ya jengo lao wenyewe, siyo hotuba. Injinia akimaliza aitwe aeleze mbele ya wote, awapeleke kwa miguu chini kule, waguse. Na kazi igawanywe, cha kwanza kinachohatarisha maisha, ndipo kile kinachoweza kusubiri mwaka. Mkiwapelekea bili moja ya kila kitu pamoja na rangi ya nje na lifti mpya watakataa yote.

Mama_Z_Upanga

Mwanangu na injinia nashukuru. Tuna kikao Jumamosi hii. Nimeongea na majirani wawili tumekubaliana lipu isipigwe. Nikasimame niseme nini hasa? Mimi si mtaalamu, na mwenyekiti ni mtu wa maneno mengi.

Kijana_wa_Ngamiani

Mama usiende kubishana naye kuhusu zege, uliza karatasi. Kuna ripoti yoyote ya muundo iliyowahi kuandikwa kwenye jengo hili, ya lini, nani aliisaini na iko wapi tuisome sote leo. Kama hakuna, azimio liandikwe kwenye muhtasari kwamba aitwe injinia, kwa tarehe, na ripoti yake itumwe kwa kila mmiliki siku ileile inapofika, kwenye grupu la WhatsApp la jengo inatosha. Halafu akaunti ya akiba, siyo ile ya askari na umeme wa ngazi, ina shilingi ngapi, soma namba ikiwa sifuri basi isomwe sifuri na iandikwe. Piga picha pale palipobanduka leo, weka rula pembeni, urudie mwezi ujao palepale, hizo picha zitasema kuliko wewe.

Uliza pia juu ya slabu ile kuna nini. Mmesema mnapaki chini, juu yake ni uwanja, kuna matenki? Vitanda vya maua? Kuna malori ya maji yanaingia? Maji yanatuama mvua ikinyesha?

Mama_Z_Upanga

Juu yake kuna tenki mbili kubwa ziliwekwa wakati wa mgao wa maji, na boza linaingia pale kumwaga. Maji yanatuama ndiyo, watoto wanachezea.

Injinia_Kigamboni

Mama Z hilo boza lisiingie tena juu ya slabu hiyo kuanzia leo, lisimame barabarani livute mpira. Tenki zisijazwe mpaka mtu aje aangalie. Hilo halihitaji kikao wala mchango, mpigie mlinzi wa getini sasa hivi umwambie. Na injinia akishafika akisema wekeni propu za chuma (nguzo za muda) chini ya pale, ziwekwe jioni hiyohiyo, kura mtapiga baadaye mkiwa nje ya maegesho.

Mama_Z_Upanga

Nimempigia mlinzi. Boza lilikuwa lije saa kumi, amesema atalizuia getini. Ripoti ya kikao nitaileta hapahapa Jumapili inshallah.